Mkanda wa Hudhurungi: Kutahiniwa Karate Ukubwani, Kisumu

Mtu akisikia neno karate, aghalabu hujiwa na picha ya kijana mwembamba anayeruka juu na kuvunja matofali kwa kiganja cha mkono. Picha hiyo tuliipata senema. Kaka zetu wa Mombasa, katika miaka ya sabini, walijazana Naaz na Regal kumtazama Bruce Lee, ambaye alifariki mwezi wa Julai 1973, kabla filamu yake iliyompa jina kubwa kabisa haijatoka. Walipotoka senema walirushiana mateke njia nzima mpaka nyumbani. Asubuhi yake wakarudi bandarini, dukani na shuleni, na karate ikaishia hapo.

Mimi sizungumzii karate hiyo. Nazungumzia karate ya mtu wa miaka 46, mwenye mke na watoto watatu, mwenye kitambi kinachokuja na kwenda, na mwenye kazi inayomtaka tangu saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, siku sita kwa juma. Mtu huyo ni mimi. Kwetu ni Mombasa, lakini riziki imeniweka Kisumu kwa miaka kumi na mbili sasa. Ni karani wa mauzo katika duka la vifaa vya ujenzi, na kila juma hutoka siku mbili kuzunguka ukingo wa Ziwa, Bondo, Usenge, Homa Bay na Mbita, kuchukua oda za mabati na saruji na kudai madeni. Karate nilianza nikiwa na miaka 41. Leo nimevaa mkanda wa hudhurungi, na umebaki mtihani mmoja tu kabla ya mweusi.

Ndugu msomaji, sikuingia kwa ushujaa. Nilikuwa nikimpeleka mwanangu wa miaka minane kwenye ukumbi mmoja karibu na mtaa wa Kaloleni, mtaa ambao Waislamu wengi wa Kisumu wanauita nyumbani, nami nikimngoja nimeegemea ukuta. Mwalimu, Mjaluo mmoja mpole wa makamo, aliniona juma la kwanza, la pili na la tatu, kisha akaniambia, “Baba, ukuta huo hautaanguka ukiuacha.” Nikavua viatu. Mwanangu alinipita upesi, kwani watoto hawana magoti ya kuuma, na tulipofika mkanda wa kijani yeye alikuwa amenitangulia ngazi mbili. Halafu akaacha. Sasa yuko kwenye kandanda na anaota kuichezea Gor Mahia. Mimi nikabaki.

Wengi huniuliza, hii mikanda ya rangi ni ya nini? Na wapo wanaosimulia kwa uhakika kabisa kwamba hapo kale mwanafunzi alipewa mkanda mweupe, ukakatazwa kufuliwa, nao ukawa mweusi wenyewe kwa jasho na vumbi la miaka. Ni hadithi tamu, lakini ni hadithi tu. Mkanda mweusi ulianza kwenye judo, si kwenye karate. Aliyeianzisha judo ni Kano Jigoro, aliyefungua chuo chake cha Kodokan mjini Tokyo mwaka 1882, na miaka michache baadaye akaanza kuwavisha wanafunzi wake waliofuzu mkanda mweusi ili watambulikane na wale wanaoanza. Rangi za katikati, manjano, chungwa, kijani, buluu na hudhurungi, zilipata nguvu Ulaya. Aliyezieneza sana ni Mjapani Kawaishi Mikinosuke, aliyekuwa akifundisha judo Paris katika miaka ya 1930. Wanafunzi wake walikuwa watu wazima wenye kazi zao, makarani na wanasheria na waganga, na mtu wa namna hiyo ukimwambia angoje miaka mingi bila ya kuona alama yoyote ya kwamba anasonga mbele, atakuaga.

Kwa hivyo mikanda hii ya rangi, ambayo leo tunaiona ni ya watoto, ilisambaa kwa ajili ya watu kama mimi. Nilipolisoma jambo hili nilifurahi kupita kiasi.

Na karate je? Karate ni ya kisiwa cha Okinawa. Aliyeipeleka Tokyo na kuifanya ijulikane ni Funakoshi Gichin, aliyezaliwa mwaka 1868. Huyu bwana hakuwa askari wala mwanamieleka. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwenye mke na watoto na mshahara mdogo, ambaye mchana alifundisha na usiku alitembea kwa miguu mpaka nyumbani kwa ustadhi wake, Azato, kujifunza. Ameeleza mwenyewe kwamba alirudishwa na kurudishwa kwenye zoezi lile lile kwa miezi, na kwamba mazoezi matatu tu ya aina moja yalimchukua miaka kumi. Mwaka 1922, akiwa na umri wa miaka zaidi ya hamsini, alikwenda Tokyo kuonyesha karate, akabaki huko, na kwa kuwa hakuwa na kitu alikaa katika bweni la wanafunzi, akifagia na kulinda mlango ili apate pa kulala. Mwaka 1924 ndipo alipotoa mikanda myeusi ya kwanza ya karate, akiiga utaratibu wa Kano. Alifariki mwaka 1957. Kano mwenyewe alikuwa mwalimu na mkuu wa shule maisha yake yote, na alifia melini mwaka 1938 akirudi kutoka kwenye mkutano wa Olimpiki uliofanyika Cairo. Wakubwa wote wawili, basi, walikuwa watu wa kazi za watu.

Tusidhani kwamba mambo haya ni mageni kabisa kwetu. Watu wa Lamu wanakijua kirumbizi, ngoma ya fimbo inayochezwa kwa zumari na vigoma siku za Maulidi na harusi, na mwenye kuitazama kwa makini ataona kinga, hatua na shabaha, pamoja na adabu ya kutomwumiza mwenzio. Waluo nao wana miereka yao ya kale. Na Zanzibar, Mjapani Tsuyoshi Shimaoka, aliyefika visiwani katika miaka ya 1980 na kushughulika na uvuvi na biashara, aliwafundisha judo vijana wa kule, na leo judo ya Zanzibar ina jina lake. Tofauti ni kwamba kirumbizi hakina mtihani. Mtu hukijua au hakijui, na wazee waliokaa pembeni ndio watahini.

Sasa niwaeleze mtihani wenyewe. Unaitwa kwa namba, unasimama mbele ya meza. Kwanza ni misingi: ngumi, kinga na mateke, kwenda mbele na kurudi nyuma, huku mtahini akihesabu kwa Kijapani, ichi, ni, san. (Katika ukumbi wetu tunahesabu Kijapani, tunaelezwa kwa Kiswahili, na tunakaripiwa kwa Kijaluo.) Pili ni kile wanachokiita kata. Nyumbani kwetu nilipotaja kata, mama aliniuliza kwenye simu kama kazi ya huko bara imekuwa ni kuchota maji mtungini. Kata yao si ile ya kifuu. Ni mfuatano wa mapigo na kinga uliopangwa tangu zamani, unaoucheza peke yako kama kwamba maadui wako pande zote. Wa kwanza kwa sisi wa Shotokan una hatua 21 na unaitwa Heian, maana yake amani. Ziko Heian tano, asili yake ni mazoezi yaliyotungwa na mwalimu Itosu kwa ajili ya watoto wa shule za Okinawa mwanzoni mwa karne ya ishirini. Funakoshi aliibadilisha nafasi ya ile ya kwanza na ya pili kwa kuwa ya pili ilikuwa nyepesi zaidi, jambo ambalo ungetarajia mwalimu wa shule alione. Tatu ni kupambana na mwenzio, kwa mpango kwanza, na kwa uhuru kadiri unavyopanda.

Kwa mtu mzima, taabu haiko siku ya mtihani. Taabu ni ile miezi iliyo kati ya mtihani na mtihani. Kijana hufanya mazoezi siku tano kwa juma. Mimi nina Jumanne na Alhamisi, na Alhamisi nyingi niko Bondo nangoja mtu aliyesema atalipa saa nane. Mazoezi huanza saa kumi na moja na nusu jioni na kwisha saa moja na nusu usiku, na Magharibi huingia katikati. Hapa lazima niwakumbushe wenzangu wa pwani kwamba jua la Kisumu huchelewa kulala. Kisumu iko magharibi ya Mombasa kwa karibu nyuzi tano za dunia, na hizo ni kama dakika 20. Ninyi mkishafuturu, sisi bado tunaitazama tende. Basi katika ukumbi wetu tuko Waislamu wanne, na adhana ikisikika tunatoka kwenye mstari, tunatia udhu kwenye bomba la nje, tunasali barazani na kurudi. Mwalimu hajapata kutuuliza neno. Huwaambia tu wale wengine waendelee na mateke, na sisi tukirudi tunadaiwa yale mateke tuliyoyakosa, yote, kwa hesabu.

Jambo la pili ambalo kila mtu wa kwetu huniuliza ni la kuinama. Ni swali la haki. Katika kumbi nyingi mtu akiingia huinamia ukumbi, huinamia picha ya mwanzilishi iliyotundikwa ukutani, kisha humwinamia mwalimu na mwenzake. Nilimwendea sheikh mmoja hapa mjini kabla ya mtihani wangu wa kwanza, naye alinisikiliza mpaka mwisho, akanitenganishia mambo mawili: watu kusalimiana kwa adabu yao, na kuinamia picha. La pili aliniambia niliache kabisa. Nilimpelekea mwalimu habari hiyo nikiwa tayari kufukuzwa. Akacheka. Alisema yeye mwenyewe aliulizwa swali hilo hilo na wazee wa kanisa lake miaka ishirini iliyopita. Tangu siku hiyo sisi wanne husimama wima, mikono ubavuni, wenzetu wanapoielekea picha, na mwenzangu wa kupambana naye humpa kichwa kidogo, kama unavyomwitikia mtu kwa mbali barabarani. Kila akija mtahini mgeni, mwalimu humwarifu mapema. Hatujakatwa alama hata moja kwa sababu hiyo.

Nirudi kwenye muda. Kwa kuwa ukumbi siupati, nimejifunza kuzitumia safari. Nikilala Mbita, huamka Alfajiri, nikisha kusali hushuka mpaka mwaloni kabla mitumbwi ya omena haijamaliza kuingia. Omena ni wale dagaa wadogo wa Ziwa, huvuliwa usiku kwa taa, na usiku wa giza ukitazama majini utadhani kuna mji mwingine kule. Pale mchangani hucheza kata zangu. Siku ya kwanza akina mama waliokuwa wakingoja samaki walihama kutoka nilipo. Siku ya pili mtoto mmoja alitumwa aje kuniuliza kama nimekula.

Aliyenisaidia ni mzee mmoja mvuvi. Nilikuwa nahangaika na kata inayoitwa Tekki, ambayo ilikuwa ya mtihani wa hudhurungi. Ni ya ajabu kidogo: hatua zote 29 huchezwa kwenye mstari mmoja wa ubavu, kulia na kushoto kama kaa, huku umetanua miguu na kushusha nyonga kama aliyepanda farasi. Nami kila nikigeuza kichwa, mwili uliyumba. Mzee alikuwa ameketi akishona wavu. Akaniita.

“Wewe kijana wa Mombasa, hiyo ni vita ya mtumbwini?”

“Hapana, Mzee, ni mazoezi tu.”

“Basi simama kama uko mtumbwini. Wewe unaitazama miguu yako. Mtumbwini ukitazama miguu, unaanguka majini. Tazama Rusinga.”

Nikaitazama Rusinga ng'ambo, kile kisiwa alikozikwa Tom Mboya, nikaicheza tena, na mwili ukatulia. Nilipomsimulia mwalimu alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba yeye amekuwa akiniambia maneno hayo hayo kwa mwaka mzima. Ni kweli. Lakini yeye alikuwa akiniambia nitazame ukuta.

Mtihani wa hudhurungi nilifuzu, na hapo mambo yakawa mazito. Rangi za chini mwalimu hutahini mwenyewe hapa hapa Kisumu, na ada yake, ingawa hupanda kwa kila mkanda, mtu wa mshahara anaweza kuijikusanyia. Mkanda mweusi ni mara moja kwa mwaka, Nairobi, safari ya kilomita 350 hivi, mbele ya jopo la wageni. Ziko kumbi nyingine, siwezi kuzitaja, ambako mtu hulipa na mkanda humjia kama risiti. Mimi naona ni heri kukaa na mweupe. Mwalimu wetu alitukatalia mimi na wenzangu mwaka wa kwanza, akatukatalia wa pili, na wa tatu akatuandika watatu: kijana mmoja wa chuo, dada mmoja muuguzi ambaye ni Mwislamu mwenzangu, na mimi. Siku ikatangazwa. Nikafungua kalenda. Ilikuwa ni tarehe 21 Ramadhani.

Sitaficha kwamba nililala vibaya siku nyingi. Nilikuwa nimengoja miaka mitano. Msafiri ana ruhusa yake ya kufungua, hilo twalijua sote, na hakuna ambaye angenilaumu. Wapo walionishauri niende nikiwa nimefunga, kwani mtihani ni asubuhi. Lakini mapambano peke yake ni duru kadhaa mfululizo, baada ya saa mbili za misingi na kata, na magoti yangu nayajua. Zaidi ya hayo, kumi la mwisho la Ramadhani nimelizoea kulitumia msikitini pamoja na wanangu, na ni siku chache mno katika mwaka ambazo wao hunipata kwa ukamilifu. Nilimwambia mwalimu nitangoja. Hakunibembeleza wala hakunisifu. Alilikata jina langu kwenye orodha kwa kalamu, akaniambia nilete tena ada mwakani.

Yule dada muuguzi alikwenda. Alikuwa ametoka zamu ya usiku siku mbili kabla, akasafiri, akafunga, akatahiniwa na hijabu yake, akafuzu. Sisemi kwamba mmoja wetu alichagua vizuri kuliko mwenzake. Kila mtu anaujua mwili wake na nyumba yake. Hijabu yenyewe kwenye mashindano ilikuwa ni mzozo wa miaka mingi. Shirikisho la dunia la taekwondo liliiruhusu mwaka 2009, na lile la karate likafuata mwaka 2013. Tangu hapo dunia imewaona Kimia Alizadeh akiipatia Iran medali ya shaba ya taekwondo huko Rio mwaka 2016, na Hedaya Malak wa Misri akichukua shaba mwaka huo huo na tena Tokyo mwaka 2021, wote wamejisitiri. Michezo hiyo ya Tokyo ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuwa na karate, na Mmisri Feryal Abdelaziz akapata dhahabu ndani yake. Mkenya wetu Faith Ogallo naye alipambana huko katika taekwondo, uzito wa zaidi ya kilo 67. Paris mwaka 2024 karate iliondolewa, na nasikitika kwa ajili ya wasichana wadogo wa ukumbi wetu ambao walikwisha kuanza kuhesabu miaka.

Dada muuguzi sasa ndiye anayetuongoza mwalimu asipokuwepo. Ni mdogo wangu kwa miaka kumi na miwili, na ananihesabia ichi, ni, san bila ya huruma hata chembe. Nami nasimama kwenye mstari na mkanda wangu wa hudhurungi, ambao umeanza kuchanika pindoni, na mke wangu ameushona mara mbili. Magoti nayatunza: nimepunguza kuruka, nimeongeza kutembea, na ngazi za dukani nazipanda taratibu. Mbita bado naenda. Yule mzee siku hizi akiniona huniuliza kwanza kama nimelipwa madeni, kisha huniamrisha nicheze ile ya mtumbwini.

Tarehe ya mtihani wa mwaka huu imekwisha kutangazwa, na haikubadilika kwenye kalenda ya kizungu. Ramadhani hurudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka, kwa hivyo safari hii mtihani utaangukia siku mbili baada ya Idi, na nitalazimika kupanda basi la Nairobi Idi pili, usiku. Nimekwisha kulipa ada. Mke wangu anataka kujua biriani ya wageni atapikia nani, na mwanangu mpenda kandanda amejitolea, kwa ihsani yake, kuila sehemu yangu.